Malalamiko ya Masjala Kuhusu Mtandao Uliokatika Jumatatu

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,

Ndugu Mkuu, pokea salamu zangu za heshima, na uniwie radhi kwa kukuandikia kwa kalamu. Uliagiza malalamiko yaletwe kwa kompyuta, lakini kompyuta ndiyo inayolalamikiwa.

Mimi ndiye mtunza masjala wa chumba cha chini. Kwa miaka tisa watu wa ghorofani wameniomba mafaili kwa mtandao, nami nimeyapiga picha na kuwatumia bila kuonana na mtu. Jumatatu iliyopita mkaweka toleo jipya la programu. Tangu hapo kompyuta inadai haina anwani, utadhani imefukuzwa nyumba. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Fundi wako alisema tuzime, tuwashe. Tumezima na kuwasha mara kumi na moja. Akasema tuchomoe waya, tuhesabu hadi thelathini. Karani wa mapokezi alihesabu hadi mia ili dawa ikolee. Wapi!

2. Mtandao usipokwenda, watu wanakuja. Wanabisha hodi! Zamani ujumbe ulisema "Faili 212, haraka", yakaishia hapo. Sasa naitikia shikamoo ishirini na tatu kabla ya chai, na kila mtu anauliza hali ya goti langu, goti ambalo nilikuwa nimefaulu kulificha.

3. Wanakaa. Masjala ina kiti kimoja, nacho ni changu. Dereva wa ofisi hukalia sanduku la mafaili ya mwaka juzi akanisimulia vituko vya mkwe wake. Nimeanza kumngojea, na kazi zinalala.

4. Hili ndilo zito. Mpima ramani wa ghorofa ya tatu, ambaye kwa ukali wa ujumbe wake nilidhani ni mzee mwenye vidonda vya tumbo, kumbe ni mama mjane, tena mcheshi. Ameshuka mara saba. Majuzi alichukua faili alilolirudisha siku moja kabla. Nimelazimika kunyoa ndevu kila asubuhi. Dada yangu, ninayeishi naye, anauliza kwa nini naimba nikipiga pasi. Nimemwambia akiulize Kitengo cha Kompyuta.

5. Tangu mke wangu afariki nilikuwa nimeshauzoea ukimya, Ndugu Mkuu. Sasa saa moja ikipita bila mlango kugongwa, naona chumba kimekuwa kikubwa mno. Inaniuma. Nani abebe lawama kama si programu yenu?

Kwa hiyo naomba toleo hilo liondolewe mara moja, nami nirejeshewe upweke wangu kwa maandishi, wenye sahihi na muhuri.

Unisalimie fundi, makarani wako wote, na watoto nyumbani.

Wako mtiifu kazini,
Mtunza Masjala

Tanbihi: Ukifika hapa, tafadhali funga mlango. Fundi aliligundua kosa tangu Jumatano: toleo jipya lilikuwa limezima huduma inayozigawia kompyuta anwani za mtandao. Akaiwasha, jengo zima likanyooka, isipokuwa masjala. Waya wa masjala nimeuchomoa mimi, na uko mfukoni mwangu. Nimelalamika kwa sababu vyumba vyote vimelalamika, na kunyamaza kwangu kungezua maneno. Jana nilimwuliza mpima ramani kama atakubali tuoane. Amesema jibu kama hilo haliandikwi, atashuka nalo mwenyewe Ijumaa. Nakusihi, Ndugu Mkuu, fundi asikanyage huku kabla ya Ijumaa.