Vanishi na Maziwa

Jumatatu, 10 Juni 2013
Leo nimeona mwanga! Nilipeleka maharage Nyamitanga, ng'ambo ya mto, kwa mama mmoja daktari. Akanikaribisha sebuleni. Nikasahau hata kutua gunia. Televisheni bapa ukutani, chini yake kibuyu kikuukuu. Kigoda cha mti kando ya sofa nyeupe. Vitu vilevile mama yangu anavyovificha nyuma ya pazia! Daktari akasema ndio mtindo wa sasa, vya zamani na vya kisasa vikae pamoja. "Hii kibuyu ni ya jaja yangu, mama ya mama. Wageni yote wanapiga picha."

Nimerudi kambini Nakivale na kioo cha dirisha na kopo la vanishi. Jumamosi Mzee Gasore anakuja kuona nyumba yangu kabla ya kuamua kama atanipa binti yake, Benitha. Ya Kayumba ameshaiona. Kayumba anachaji simu za watu hapa mtaani kwetu Misiera na anamtaka Benitha huyohuyo. Ana makochi mekundu. Basi! Zamani hana hata chembe.

Jumanne, 11 Juni
Nimeweka kioo juu ya kinu cha mama. Meza! Nimeizunguka mara kadhaa kwa furaha. Mama akaja, akaegemeza kioo ukutani, akachukua kinu kutwanga sombe, majani yake ya muhogo. Akaniuliza kama nina malaria. Tumeelewana: asubuhi kinu, mchana meza.

Alhamisi, 13 Juni
Siku kubwa! Mama alikuwa mazoezi ya kwaya. Nikatoa icyansi, kile chombo chake kikubwa cha mti cha maziwa. Tulipokimbia kutoka milimani kule Kivu aliacha sufuria zote, hicho akakibeba mgongoni. Umbo zuri ajabu. Ila kimejaa masizi! Kila siku anakifukiza kwa moshi wa nyasi na sabuni hairuhusu ikisogelee. Nimekiosha kwa Omo. Nimekipiga msasa. Nimepaka vanishi nje na ndani, maana kazi ya nusu siipendi. Kinameta kuliko kipara cha mchungaji wetu! Nikatia maua ya plastiki. Kayumba akachungulia mlangoni, akaziba pua, akaondoka bila kuaga. Wivu huo.

Mama karudi. Alikaa chini akakishika muda mrefu. "Cyiza mutoto wangu, mu iyo tunatiaka maziwa tu." Kisha akachukua chombo chake kingine cha maziwa, kile kidogo, akakihamishia kwenye kijumba chake nyuma ya nyumba. Hajasema nami tangu hapo. Nilijisikia vibaya kidogo, mpaka nilipokitazama tena kikimeta.

Ijumaa, 14 Juni
Harufu ya vanishi haitoki. Nimepulizia marashi. Sasa kuna harufu mbili. Lakini nimezungushia pembe ya ng'ombe taa za Krismasi, na zinawaka! Kesho soda kwenye glasi, kioo juu ya kinu, Benitha wangu.

Jumamosi, 15 Juni
Ole wangu.

Mzee Gasore aliingia na fimbo yake, Benitha nyuma yake. Akatazama taa. Akatazama maua. Soda hakuigusa. Akasema nyumba yenye chombo kikubwa hivyo haikosi maziwa, basi anywe humohumo. Ningekataaje? Nikang'oa maua, nikamimina maziwa, nikampa kwa mikono miwili.

Akapiga funda moja. Macho yakamtoka. Mfugaji wa kwetu hatemi maziwa, hata afe. Akameza! Machozi yakamshuka. "Iyi ngombe inakulaka nini?" Benitha alinitazama nikatamani kuingia ndani ya kinu. Mzee akashika fimbo yake, akaelekea mlangoni. Nikaona kwa Kayumba makochi yanamngoja.

Hapo mama akatokea. Akamshika mzee mkono, akampeleka kwenye kijumba chake. Mkeka, kigoda, moshi wa nyasi, chombo kidogo. Mzee akanywa. Akaomba tena. Wakaongea habari za milima mpaka jua likapoa. Alipotoka akatangaza kuwa mimi ni mujinga, lakini nyumba iko na mama, na Benitha atakuja fasi hii, hapa kwetu. Jumamosi ijayo analeta wazee wake tupatane ng'ombe wa mahari. Nimeruka juu! Nimempata Benitha!

Jumapili, 16 Juni
Kanisani sikusikia mahubiri, nilikuwa nafikiri. Nimeelewa kila kitu! Mzee hakukataa mtindo wangu. Amekipenda kijumba cha mama kwa sababu zamani imejaa mle. Kilichokosekana ni kisasa tu! Wazee wote wakija, watakaribishwa humohumo. Itabidi kipendeze.

Mama amebaki kanisani na kwaya. Kufuli la kijumba ameliacha wazi, bila shaka amenisamehe. Chombo kidogo kipo juu ya mkeka, cheusi tii, maskini. Na vanishi imebaki nusu kopo.