Mafuriko Yaliyoniruka

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Maafa,

Mheshimiwa, natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi ni mkulima wa mahindi, mwenye shamba la mwinukoni, na mume wa mwanamke aliyeniambia waziwazi kwamba ghala likiwa tupu mwaka huu pia, atarudi kwa kaka yake. Ndiyo maana niliomba fidia ya mafuriko. Ofisi yako imeninyima, tena kwa sababu za kunidhalilisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mafuriko yalikuwa na upendeleo. Mvua ilinyesha huko milimani, kwetu halikudondoka hata tone, na mto ulipofurika ukaenda moja kwa moja kwa shemeji yangu, huyohuyo kaka wa mke wangu. Ukasomba kila kitu. Mkamlipa bila kumzungusha, naye akaezeka nyumba kwa mabati yanayong'aa mpaka kwangu. Mahindi yangu nayo yalikuwa yamenyauka, ila kwa uvivu wa mwenyewe, maana zamu yangu ya maji ya mfereji huwa alfajiri, na alfajiri mimi nalala. Hasara ya uvivu haina fungu ofisini kwako. Je, huo si ubaguzi?

2. Kwa kuwa mafuriko hayakunifuata, niliyafuata mimi. Niliposikia mkaguzi wenu yuko njiani, nilibomoa ukingo wa mfereji, maji yakajaa shambani. Nilikusudia maangamizi, Mheshimiwa. Mahindi yakaelewa vingine. Mkaguzi alichelewa wiki kadhaa, kama ilivyo desturi yenu, na alipofika yalikuwa yamesimama wima, kijani kibichi, yamebeba. Akanipa mkono wa hongera. Sijawahi kuaibika namna ile.

3. Hakuishia hapo. Alinipiga picha, mkaibandika kwenye ubao wa matangazo na kuandika chini yake "Mkulima Bora". Huko ni kunichafulia jina. Sasa wageni wanamiminika kujifunza. Wakiniuliza siri yangu, najibu ni kujituma, na mke wangu ananitazama mpaka chai inanipalia.

4. Kwa hiyo naomba fidia ya kukosa mafuriko, na nyingine ya mavuno, maana kuvuna, kupukuchua na kubeba magunia vyote vimeangukia mgongo huuhuu. Sheria ikigoma, basi mimi mwenyewe nitambuliwe rasmi kuwa janga. Shahidi ninaye: mke wangu ananiita hivyo tangu tuoane, na si mtu wa kutia chumvi.

Nisalimie wote hapo ofisini, kuanzia mlinzi wa getini. Mkaguzi mwambie simchukii, ila asirudi.

Wako katika hasara niliyoikosa,

Mkulima Bora (kwa kusingiziwa)

Baada ya sahihi: Ningeichana barua hii, ila stempu nimeshaibandika. Shemeji amekuja sasa hivi. Mabati hayapikiki, na kwake hakuna hata punje. Alisimama mlangoni akizungusha maneno wee, mwishowe akaomba mahindi. Mke wangu akamjazia gunia, akalifunga, akamwambia kwa sauti ya kufika barabarani, "Chukua, kaka, usione haya. Mimi nimeolewa na mkulima."

Nilijifanya natafuta kamba nyuma ya mlango, maana machozi yalikuwa yamenitoka.

Mheshimiwa, sidai tena kitu. Barua hii ichome, na tafadhali usinijibu. Barua zote za nyumba hii anazifungua yeye.