Mama Mkwe na Kiyoyozi

Jumatatu, 7 Oktoba 1996
Kiyoyozi kimepona! Severini, fundi mafriji wa pale sokoni, amekitengeneza na kukijaza gesi. Leo taksi yangu imetoa baridi mpaka vinyweleo vikanisimama. Ifakara nzima nitajie nyingine! Fidel na lile Landrova lake lisilo na vioo, mwenye wivu ajinyonge.

Sasa mpango. Jumamosi Mama Serafina, mama yake Eveline wangu, anakwenda Kidatu kwenye kipaimara cha mjukuu. Fidel naye kapeleka barua ya posa kwa Eveline kama mimi, tena kaomba kumbeba mama. Nimewahi mimi! Nimemtumia salamu kwamba kwangu atasafiri kama yuko Ulaya. Amekubali. Akishuka amepoa, Eveline ni wangu. Akishuka amekasirika, basi tena.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimewaza vumbi la njiani, na pumba za mashine za mpunga. Zitakiua kiyoyozi changu. Nimechukua gunia tupu la mpunga, nimelifunga mbele ya gari, shoo yote yenye matundu ya hewa ikazibwa. Limekaa kama aproni. Fidel kapita akauliza kama gari lina malaria, maana kaona limefunikwa shuka. Mtu na heshima zake hajibizani na wahuni.

Jumatano, 9 Oktoba
Balaa! Kiyoyozi kinatoa joto. Nimekwenda kumfokea Severini mbele ya wateja wake. Eti nitoe gunia, gari linapumulia pale mbele, ukipaziba joto halina pa kutokea. Jamani! Fundi akiharibu hakosi sababu. Kesho atasema ni kofia yangu. Nimerudi na hasira zangu, nikaongeza gunia la pili.

Ijumaa, 11 Oktoba
Siku mbili za uchunguzi. Nimekaza mkanda wa feni. Joto. Nimesafisha matundu ya dashibodi kwa mswaki, tena mswaki wangu mwenyewe. Joto. Mwisho nimegundua: baridi ipo, ila inavuja milangoni! Nimeziba kila upenyo kwa vipande vya godoro.

Eveline kapita. Kanishauri kwa upole nifungue tu vioo, mama yake kazoea upepo. Nikamwambia asichanganye mapenzi na ufundi. Kacheka, halafu uso ukabadilika. Kasema wazee wanakaa Jumapili kuchagua barua moja, na yeye hataki kuolewa na Fidel. Nimeongeza godoro.

Jumamosi, 12 Oktoba
Ee Mungu wangu!

Tumeondoka nyumbani kwake Lipangalala asubuhi. Mama kakaa nyuma, kajitanda kitenge. Mimi mbele, kioo cha kutazamia nyuma nimekigeuzia juu, kwa sababu mama mkwe hakodolewi macho. Vioo vyote vimefungwa. Nikawasha. Joto la tanuri la matofali!

Nikamuuliza kwa adabu, mama, baridi haijazidi? Akajibu taratibu kwamba inatosha, baba. Angesema nini? Mama mkwe hamlalamikii mkwe. Na mimi ningesemaje, baada ya kumwahidi Ulaya? Ningefungua kioo ningekuwa nimekiri. Basi tumeiva wote wawili. Kila nikiuliza, inatosha baba, sauti ikizidi kufifia. Jasho liliniingia machoni, sikupangusa, asije akaniona.

Kabla ya Mang'ula rejeta ikachemka. Moshi mweupe, mshale wa joto mwisho kabisa. Mama akashuka, kitenge kimelowa chapachapa, akakaa kwenye jiwe akaanza kunishukuru kwa safari. Kunishukuru! Heri angenitukana.

Na nani akatokea? Fidel, wee! Landrova linapitisha upepo huku na huku. Alicheka mpaka akashika mbavu, akamchukua mama. Mimi nikabaki na ndoo ya maji barabarani. Nimelia. Ndiyo, nimelia, tena kwa sauti. Nampenda Eveline.

Jumapili, 13 Oktoba
Sikwenda misa. Aibu.

Baada ya misa nikasikia hodi. Eveline! Anakimbia, viatu mkononi. Wazee wamechagua barua yangu! Nimemwomba arudie. Karudia.

Kumbe mama yake, aliyerudi jana usiku, ndiye aliyesema. Kawaambia wazee kwamba Fidel alinicheka njia nzima mpaka Kidatu, na mtu anayecheka mwenzake aliyekwama atamcheka hata mkewe akiugua. Lakini mimi Ignas, kasema, niliungua pamoja naye na sikumvunjia heshima hata kidogo. Tena mama aligeuka nyuma wakati Landrova linaondoka, akaniona nalia na ndoo. Huyo, kasema, atamtunza mwanangu. Ana ombi moja tu: asipandishwe tena kwenye lile gari, hata akiwa maiti.

Nimecheka sana. Mama mkwe ana utani! Eveline kaapa kwamba si utani. Masikini, hamjui mama yake. Mtu mzima hawezi kukiri mbele ya wazee wenzake kwamba kanogewa na kiyoyozi. Mimi nimemwelewa.

Siku ya harusi nitambeba yeye na mashangazi wote, gari moja. Mchana huu nimeshang'oa vishikio vya kufungulia vioo, asije shangazi mmoja akatutoroshea baridi.