CD ya Kukaribisha Mbuzi

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimepewa kazi ya kiume! Jumamosi ni ntheo, ndoa ya kimila, ya dada yangu Mwelu. Wakwe wanatoka Kinanie na mbuzi tatu. Mbuzi zisipoingia boma, Mwelu hajaolewa, mambo ni hayo. Na muziki ni nani? Mimi, Mulwa! Binamu yangu Muthoka aliomba hiyo kazi, eti ako na simu na kaspika kadogo kama kikombe cha uji. Nikamwambia Mama kikombe hakiwezi kukaribisha watu. Mimi niko na redio ya CD ya marehemu mjomba, spika mbili, kila moja debe zima. Mama akakubali, lakini akasema nikimwaibisha nitafute pa kulala. Vitisho vya kawaida.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepuliza vumbi. Imewaka! CD ya kwaya ikakwama kwa "haleluya" karibu mara arobaini. Nikapangusa kale kajicho ka ndani na shati, ikapona. Fundi ni mimi. Kitufe cha kuruka wimbo ndicho kimekufa. Si neno. Nani ataruka wimbo wangu? Tena redio imeandikwa MP3 kwa kipaji cha uso, yaani inakula hata nyimbo za kompyuta. Muthoka aliuliza MP3 ni nini. Nikasema ni Muziki wa Pesa, mara tatu. Masomo ni muhimu.

Ijumaa, 8 Agosti

Machakos mjini, kwa saiba ya Wagaki, duka lake la kompyuta. Akauliza anichomee CD ya kawaida, ya nyimbo kama ishirini, ama ya MP3, inayobeba zaidi ya mia. Mimi si mtu wa ishirini. MP3! Nikaweka kumi na mbili.

Namba nimeandika mwenyewe. 1, karibuni wageni. 2, mbuzi ziingie. 3 mpaka 9, watu wale, wacheze. 10, kwaherini. 11, Mungu awafikishe nyumbani. 12 ni sauti yangu mwenyewe nikishukuru watu.

Wagaki akaniambia niandike 01, 02, hivyo hivyo, la sivyo redio itatoka kwa moja iende kumi. Anataka sifuri mbele!

"Sifuri nilipewa za kutosha shuleni," nikamwambia. "Siwezi kujipatia zingine na mkono wangu."

Akacheka, akachoma vile nilitaka.

Jumamosi, 9 Agosti

Aiya!

Wageni wamefika kwa lango saa sita. Nikabonyeza. Namba moja, karibuni wageni! Debe zote mbili! Mama anapiga vigelegele, mimi nimefunga macho nacheza. Wimbo ukaisha. Nikangoja mbuzi.

Ikaja kwaherini.

Mzee Muema, baba mdogo wa bwana harusi, akasimama na kamba mkononi. Akauliza kwa upole sana, "Kwani tumekula saa ngapi?"

Nikabonyeza kile kitufe. Kimekufa. Namba kumi na moja ikaomba Mungu awafikishe nyumbani. Mzee akageuza mbuzi. Mwelu akaanza kulia. Nikang'ang'ana na kitufe, na hapo sauti yangu ikatoka, tamu kabisa: "Asanteni, naona mmeshiba. DJ wenu ni Mulwa."

Wageni wakafika barabarani. Muthoka, huyo mchawi, akawakimbilia na kikombe chake kikiimba karibuni. Akawapita mbele, akainama, akamwomba Mzee msamaha kwa niaba yetu. Mzee akacheka, akafuata kikombe. Na mbuzi pia.

Lakini sikia. Wakiingia tu langoni, redio yangu ikafika namba mbili. Mbuzi ziingie! Saa ile ile! Nani alipanga hiyo? Mimi.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika nikiwa kwa zizi. Mama ni mtu wa kutimiza neno. Mbuzi za Kinanie zinakoroma.

Mwelu sasa ni mke wa mtu, na sifa zote amepewa Muthoka. Ameshapewa hata kazi ya muziki ya harusi ya kanisani, Desemba. Tutaona. Nimefikiria usiku kucha na shida nimeijua: nyimbo kumi na mbili ni kidogo, redio ilikosa kazi ikaanza kurukaruka. Desemba naweka mia moja, moja mpaka mia. Wagaki asiniletee sifuri zake. Mia iko na mbili, najua, lakini hizo ziko nyuma, mahali sifuri hukaa.