Taa za Jukwaa Kuu

Kamati ya Ujenzi wa Uwanja ilikuwa na furaha kubwa kuutangazia umma kwamba uwanja mpya wa timu ya daraja la tatu umekamilika kwa viwango vya kimataifa, isipokuwa mwanga wa eneo la kuchezea, utakaoshughulikiwa katika awamu ya pili.

Suala la mwanga halikuamuliwa ovyo. Fundi umeme alikuwa amemfuata Mwenyekiti wa Kamati na kumweleza hali halisi.

"Bosi, taa tulizonunua zinatosha upande mmoja tu. Nizielekeze wapi?"

Mwenyekiti hakuwa mtu wa kukurupuka. Aliitisha kikao, kikao kikaunda kamati ndogo, kamati ndogo ikaenda semina hotelini, ikarudi imenenepa na ina jibu.

"Mpira ni mweupe," alimwambia fundi. "Utaonekana hata gizani. Sisi viongozi tutavaa suti nyeusi. Mulika jukwaa kuu."

"Na wachezaji je?"

"Wachezaji wanafahamiana."

Mechi ya ufunguzi ilipangwa jioni. Timu ilihitaji ushindi, la sivyo ingeshuka daraja. Mwenyekiti naye alihitaji kuonekana vizuri na mgeni rasmi, Mkuu wa Michezo, ambaye alikuwa anatafuta msaidizi. Kwa hiyo alivaa tai ya kijani, akajimwagia marashi, akaketi ubavuni mwa mgeni. Mkewe alikaa kiti cha nyuma yake. Katibu wa Kamati, ambaye pia aliitamani nafasi hiyo ya msaidizi, alikaa mbali na roho ikimuuma.

Jua lilizama kabla ya mapumziko. Taa zikawaka, jukwaa kuu likang'aa kama duka la sonara. Uwanjani kukawa giza totoro. Kulisikika sauti tu.

"Nipe, nipe."

"Wewe nani?"

Mtangazaji wa uwanja, ambaye watu walimwita Redio, hakuona mchezaji hata mmoja. Lakini alikuwa ameajiriwa kutangaza, na hakupenda kula hela ya watu bure. Akageuza shingo kwenye mwanga, akaendelea na kazi.

"Mhazini ana biskuti," spika zikavuma. "Anamtazama Katibu. Anachukua ya pili. Anaisogeza taratibu kwenye mfuko wa koti. Imeingia."

Mashabiki walilipuka kwa shangwe. Mwenyekiti alimshika mgeni rasmi mkono.

"Tumefunga, mheshimiwa."

Mheshimiwa alikuwa amelala.

"Kipa amesinzia," Redio alisema. "Mdomo wazi. Lango liko tupu."

Mwenyekiti alianza kuhisi kwamba mechi hii ina kasoro. Mkewe akainama sikioni kwake.

"Baba watoto, ni sisi."

"Sisi nini?"

"Ndio tunaotangazwa. Toa kidole puani."

"Mwenyekiti anapokea maelekezo kutoka benchi," spika zikasema.

Mwenyekiti aliinuka kumwashiria Redio anyamaze. Lilikuwa kosa la kiufundi. Katibu aliteleza kama nyoka na kukalia kile kiti cha karibu na mheshimiwa. Mwenyekiti alivuta kiti, Katibu akamvuta tai, na uwanja mzima ukasimama.

"Refa, huoni?" mashabiki walilalamika.

Refa kwa kweli alikuwa haoni. Alikuwa ameupoteza mpira, kisha wasaidizi wake. Alipojisikia akiitwa, alifuata mwanga kama kumbikumbi mpaka jukwaani. Kazi ni kazi, akapuliza kipenga.

"Nani kaanza?"

"Wa tai ya kijani," watu wakajibu kwa sauti moja. Hawakumwona Katibu kuwa na hatia, kwa sababu walimwona akicheza vizuri.

Refa akatoa kadi nyekundu. Mwenyekiti alijikaza.

"Unajua mimi ni nani?"

"Jezi yako haina namba, mzee. Toka nje."

Alimtazama mkewe apate mtetezi. Mama watoto alikuwa tayari amemwondoa Katibu kwa jicho moja tu na kukaa yeye.

"Anatoka Mwenyekiti, anaingia mkewe," Redio alitangaza.

Mchezaji huyo wa akiba hakupoteza muda. Alimwita fundi.

"Kaka, geuza hizo taa. Watoto wa watu wataumia huko."

Taa ziligeuka. Timu zote mbili zilionekana zimeketi kwenye nyasi katikati ya uwanja, zimechanganyika, zimeelekea jukwaani. Mmoja alikuwa ameufanya mpira mto.

"Dada, tungemalizia kwanza," aliomba kapteni wa wageni. "Palikuwa pamenoga."

Waliinuka shingo upande na kucheza. Nje ya ukuta, karibu na vyoo, Mwenyekiti alisikia mlipuko mkubwa wa shangwe. Alijishika tai, akajikagua mpaka viatuni. Kisha akamuuliza mlinzi.

"Hilo ni goli, au ni mimi?"

Lilikuwa goli, na timu ikabaki kwenye daraja lake. Hata hivyo, asubuhi iliyofuata foleni ya dirisha la tiketi ilikuwa imezunguka kona, na wote walikuwa na swali moja: Kamati inacheza lini tena?

"Jumamosi," alijibu mkata tiketi. "Ila Mwenyekiti hatakuwepo. Ana kadi nyekundu."