Dripu ya Chozi na Chai ya Mama Mkwe

Wenzangu tuliolala bweni moja chuo cha uuguzi, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na nguo zote nilikuwa nimezivaa. Nawaandikia kwa hasira. Hasira kwa nani? Kwa kila mtu. Na kwangu mimi kwanza, lakini hilo msilitangaze.

Mnajua jina nililo nalo ukweni kule Kharumwa. Mchoyo. Nililipata kwenye harusi ya shemeji yangu. Nilikabidhiwa sufuria la nyama, nikapakua kama ninavyowafundisha kina mama kliniki: kila mtu vipande vyake viwili, mboga nyingi, basi. Watu wamekuja na matumbo ya kumaliza ng'ombe mzima, mimi nawapa somo la lishe bora! (Hakuna aliyeniomba.) Tangu siku hiyo ukoo mzima una habari kwamba Baba Kulwa ameoa mkono wa birika.

Sasa mama mkwe akatuma salamu kuwa anakuja kututembelea hapa Shinyanga, mara ya kwanza tangu tuhamie kota. Baba Kulwa hakuzunguka.

"Mama akirudi na sifa nzuri, jina hilo limekwisha. Akirudi na mbaya, Krismasi nakwenda kwetu na watoto, wewe utabaki kulinda nyumba."

Nikamwambia hilo dogo. Mama angefika Jumamosi. Mgao wa sukari ni Ijumaa, pale duka la ushirika. Atakunywa chai hadi aombe maji! Leo ni Alhamisi, kumbukeni hilo.

Sasa habari ya chozi. Mnamjua, yule ndege mdogo wa mdomo mrefu uliopinda, anayenyonya maua. Mwaka jana alipita kliniki daktari mmoja mgeni, mpenzi mkubwa wa ndege. Akanisimulia kwamba ng'ambo wako wadogo zaidi ya hao, wananyonya ua huku wanaelea hewani bila kutua, na watu huwatundikia maji ya sukari nje ya dirisha. Mimi nikiambiwa habari ya kulisha kiumbe chochote, silali. Na kiangazi hiki maua yote yamekauka, na jike la chozi limejenga kiota kwenye mti wangu wa mjohoro hapo nje. Ningewaacha?

Nikatafuta chupa ya kioo ya dripu iliyokwisha kazi. Nikaichemsha. Nikaijaza, nikaigeuza kichwa chini, nikaitundika mtini na kimrija chake cha mpira, nikafunga utepe mwekundu. Wakaja! Dume linang'aa rangi ya kijani, linanyonya dripu utadhani limelazwa wodini.

Na majirani nao wakaja, na ushauri wao wa bure. Mama Shija wa nyumba ya pili akasema niwape asali. Asali! Asali ikichanganywa na maji inachacha, inaota ukungu, ndege anaugua ulimi. Mwingine akasema nitie rangi ya kutia mikeka, maji yawe mekundu, ndege wavutike. Rangi ya mkeka tumboni mwa ndege! Utepe unatosha, nikawaambia. Sukari sehemu moja, maji sehemu nne, chemsha, poza, badilisha kabla hayajachacha, osha chupa. Wakaenda zao. Watu hawa hata maji ya kunywa hawachemshi, nilitegemea nini?

Tena sukari peke yake si lishe, ni nguvu tu. Chozi anataka vyakula vya kujenga mwili kama mtoto yeyote, na vyakula hivyo ni vijidudu. Buibui, visubi, vile vinzi vidogo vya matunda. Makinda hayakui kwa maji matamu. Kwa hiyo nikachukua mkungu mdogo wa ndizi mbivu, nikautundika mtini uoze taratibu ili vinzi vijae. (Ndiyo, mimi, ninayewagombeza kina mama kila Jumatatu kuhusu nzi.)

Leo asubuhi, nikiwa nyumbani kwa mapumziko yangu, nikaona chupa imekauka. Kwenye kopo kulikuwa na kikombe kimoja cha sukari, cha mwisho. Nikajiambia mgao ni kesho na mgeni ni keshokutwa, kuna shida gani? Nikachemsha. Mara hodi, Mama Shija.

"Mama Kulwa, niazime kijiko cha sukari. Baba Shija kikohozi kimembana, namchemshia tangawizi."

"Sina hata chembe, jirani."

Haukuwa uongo! Ilikuwa imeshageuka maji.

Saa nne lori la pamba likasimama barabarani mbele ya kota. Akashuka mama mkwe. Kuku mkononi, kibuyu cha samli kwapani, kikapu cha michembe, vile viazi vya kukausha, kichwani. Lori la Jumamosi lilikuwa limeharibika, akadandia la leo. Kwa nini malori ya nchi hii huharibika siku ya kunikomoa mimi tu?

Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Mmelalaje?"

Nikampokea mizigo, nikamketisha, nikaweka chai ya rangi na viazi. Kisha nikasema kwa sauti ile ya mkamwana mwema:

"Mama, utaniwia radhi. Sukari hakuna. Mgao ni kesho."

Akacheka, masikini. "Yaya, hapana, si neno. Hata kwetu haipo. Nipe chumvi, tumezoea." Akatia chumvi kwenye chai, akanywa, akanisifu kwa viazi. Mimi huyo, moyoni nimeshafunga mizigo ya Krismasi!

Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa malkia. Lakini ndani joto. Mama akabeba kikombe chake na kiti, akaenda kukaa nje, chini ya mjohoro. Nikamfuata mbio. Nilihofia zile ndizi tu, chupa niliisahau kabisa.

"Lolaga, tazama!" akashtuka, macho juu. "Nani anaumwa hapa?"

"Hakuna anayeumwa, mama."

"Mbona mti umetundikiwa dripu?"

"Ni ya ndege, mama. Wale chozi."

"Ndege wanaumwa?"

"Hawaumwi. Ni chakula chao."

"Kina nini ndani?"

Wenzangu, ningesema maji. Neno moja, maji! Lakini mimi ukiniuliza swali la lishe ni kama umeniwashia redio. Nikanyoosha mgongo, nikakunja mikono mbele, nikatoa somo zima kama niko kliniki:

"Kikombe kimoja cha sukari, mama, kwa vikombe vinne vya maji. Asali hapana, inachacha. Rangi hapana. Leo asubuhi nimewapikia mapya kabisa, maana yakikaa yanawadhuru."

Nilisikia maneno yangu mwenyewe yakitua chini moja moja.

Halafu kutoka nyuma ya ua wa minyaa, sauti: "Sukari ipi, Mama Kulwa?"

Mama Shija! Kazi yake hapa duniani ni kuanika nguo karibu na ua wangu.

Mama mkwe akatazama chai yake ya chumvi. Akaitazama chupa. Akaitazama tena chai. Akaimwaga chini polepole. "Nishushie hiyo," akasema.

Nikamshushia. Nifanye nini? Akachomoa kizibo, akajimiminia kikombe tele, akanywa bila haraka. Kisha akamwita Mama Shija, akaja na glasi ya tangawizi ya mumewe, wakaijaza. Kikohozi cha mtu kikaenda kutibiwa kwa chakula cha chozi, mimi nimesimama nimeshika kizibo.

Akaona ndizi. Bila shaka akaziona, wingu zima la vinzi lilikuwa linazunguka.

"Na hizo ni za chozi pia?"

"Ni za vinzi, mama. Chozi anakula vinzi."

"Vinzi wamepewa ndizi."

"Ndiyo, mama."

"Chozi wamepewa sukari."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nimepewa chumvi."

Na dume la chozi nalo, halina adabu, likaja, likakuta chupa haipo, likaanza kumzunguka mama na kikombe chake huku linalalamika. Mama akalisogezea kikombe. "Kunywa, mwanangu. Wewe ndiye mkwe wa nyumba hii, mimi mpita njia."

Baba Kulwa akarudi kula mchana. Akasimuliwa yote, Mama Shija akimalizia pale mama aliposahau. Mume wangu akanitazama, nikaiona Krismasi yangu ikiondoka na watoto kwenye basi. Nikaanza kulia, nasema kweli. Si machozi ya kuombea huruma, ni ya uchungu. Nimekaa miaka nataka watu wale wanipende.

Mama mkwe akainua mkono.

"Masanja, mwanangu, kule kwetu wanasema mkeo mchoyo. Wamemsingizia. Krismasi mje naye, nitasimama mwenyewe mbele ya ukoo nimsafishe jina."

Nikapiga magoti tena. Nikafuta kamasi. Nikasema ahsante mama, Mungu akubariki mama.

"Mchoyo hawezi kuwanunulia nzi ndizi," akaendelea, anavuta kikombe. "Nitawaambia wote. Huyu mtoto wa watu si mchoyo hata kidogo. Ana wazimu, na wazimu haumhitaji mganga, unahitaji subira."

Basi jina nimesafishwa, tena na mkubwa wa ukoo. Atakayecheka kati yenu, mgonjwa wangu wa kwanza Jumatatu atakuwa yeye.