Bikombe tatu bya shayiri mbele ya bakwe

Bamama wa kwaya ya Kasaji, ketini kwanza. Leo mi nimejivunjia heshima yangu mwenyewe, kwa mukono wangu, mbele ya bakwe!

Naandika mbio. Lori ya Tata Ramazani inatoka hapa Dilala kesho asubuhi na mifuko ya unga, na yeye amekubali kubeba hii barua. Bakwe bao, bantu ba huko kwenu Kasaji, batapanda treni kesho kutwa. Basi munaona. Mukisikia kwa mudomo yao mbele, mi nimekwisha. Afazali musikie kwangu. (Mukiona neno limeandikwa vibaya, ni kichwa. Kinapiga ngoma.)

Munamujua Kapinga, mujukuu wangu, mutoto wa mutoto wangu wa kwanza, marehemu. Mi, Kambo yake, njo nilimulea. Banaume babili balishakuja kumutaka na bakakimbia. Bantu banasema ni mi niliwafukuza. Si kweli. Niliuliza maulizo tu, paka maulizo. (Wa kwanza nilimuuliza juu ya nini kola yake iko chafu. Wa pili nilimuuliza kama mama yake alimufundisha kufunga mudomo akikula.)

Sasa huyu wa tatu, Ilunga, Kapinga anamupenda kabisa. Leo asubuhi alikuwa anachochea makaa kwenye mbabula, akasema bila kunitazama:

"Kambo, leo polepole. Huyu naye akikimbia, mi naenda kwa masista. Navaa nguo nyeupe."

"Sisi ni Baprotestanti!"

"Nitageuka."

Nikaogopa, bamama. Ule mutoto akisema kitu, anafanya. Nikaapa: leo nitasema maneno tatu paka. Karibu. Aksanti. Nimeonja.

Munajua desturi yetu. Pombe ya bakwe haiguse mudomo ya mutu kabla muzee wa nyumba hajaonja. Unakunywa kikombe mupaka chini, unakigeuza, bantu bote banaona hakuna tone. Ukibakisha, umesema: mi sibaamini. Kisha njo mazungumuzo yanaanza.

Na munajua ulimi wangu. Hapa mama yeyote akipika munkoyo, ile pombe yetu ya mahindi, ya ndoa ao ya matanga, ananiletea mi mbele. Naonja, kisha naweka mbegu za mahindi juu ya lungo ya kupepeta. Mbegu tano ni nzuri kupita zote. Sijapata kutoa tano. Hata munkoyo yangu mwenyewe nilitoa nne. (Mahindi yalikuwa mabaya ule mwaka.) Na munkoyo huijue kwa kulamba. Unga unakaa chini ya kikombe, na uvivu ya mupishi unakaa chini pamoja nao. Lazima ufike chini. Kumbukeni hili neno, njo liliniua.

Bageni bakaingia saa nane, nyuma ya king'ora cha mugodi kulia. Mbele mujomba wa Ilunga, citoyen mukubwa, koti yake ya abacost imemukaza mupaka kifungo cha katikati kinaomba musaada. Kisha mama ya Ilunga, mwanamuke mudogo, kimya, saki yake ya mukono juu ya magoti. Mwisho Ilunga mwenyewe, amekumbata dumu la kioo, amelifunga ndani ya blanketi kama mutoto wa siku mbili.

Mujomba akakohoa.

"Mama, munkoyo hatukuleta. Munkoyo munayo. Tumeleta kitu ya heshima. Patron wa kazi wa Ilunga, ule muzungu muzee, ingénieur wa mugodi wa Mutoshi, anaipika mwenyewe kwake nyumbani. Imelala ndani ya pipa miaka mbili."

"Ni pombe ya shayiri, Kambo," Ilunga akasema. "Inakunywewa kidogo kidogo. Patron anatumia kaglasi kama ka dawa."

Kaglasi! Kwa bakwe! Muzungu anakunywa peke yake, afanye vile anataka. Mi niko na bantu mbele yangu. Tena nilisikia shayiri. Shayiri ya Biblia! Mikate tano ya shayiri, bantu maelfu bakakula bakashiba, na hatukusoma hata mumoja alianguka. Nikasema moyoni: kitu cha Biblia kitanifanya nini?

"Kapinga, leta kikombe changu."

"Kambo, ile kadogo ya..."

"Leta kikubwa. Bakwe baone tunawaheshimu."

Akaleta kile cha bati, cha munkoyo. Ilunga akamimina. Alimimina kidogo, akasimama kunitazama, akamimina tena kidogo, mi nikafikiri ni adabu.

Bamama, ile pombe iko nyeusi kama chai iliyolala. Harufu yake ni ndizi zilizoiva mupaka zikachoka, na sukari iliyoungua. Mudomoni ni nzito, tamu, halafu nyuma kauchungu kidogo. Lutuku, ile pombe kali ya kwetu, inachoma, ukiikunywa unajua uko na adui. Hii haikuchoma. Ilinipapasa.

Nikafika chini. Nikageuza kikombe. Makofi!

"Nimeonja," nikasema.

Ningefunga mudomo hapo, tungekuwa tayari tunakula kuku. Lakini mujomba akainama mbele.

"Na pointi, mama? Habari ya mahindi yako tulisikia mupaka Kasaji."

Mupaka Kasaji! (Ni ninyi mulisema. Tutaongea.) Lungo ikaletwa. Nikaweka mbegu mbili.

"Tamu. Lakini haina nguvu. Ni ya batoto."

Ilunga akatazama biatu byake. Mujomba akavimba, kifungo kikalia. Chini ya meza Kapinga akanikanyaga mguu, na nilipomutazama, niliona masista ndani ya macho yake. Nimeharibu tena! Na ninasema nini sasa? Neno langu halirudi nyuma hivi hivi, kila mutu anajua. Lazima kuwe na sababu.

"Ngojeni. Labda sikufika chini muzuri. Mimina tena."

Kikombe cha pili, mbegu nne. Mujomba akatoa meno. Kapinga akapumua. Nikaona dawa inafanya kazi, basi nikaomba cha tatu, nimalize ile hasira yao kabisa.

"Kambo, polepole," Ilunga akasema, jasho usoni.

"Kijana, mi nilianza kuonja kabla mama yako hajazaliwa."

Cha tatu: tano! Ya kwanza katika maisha yangu. Mujomba akasimama kupiga makofi. Jirani bakaja kwenye dirisha kuona nani amekufa.

Hapo njo shayiri ikaamuka.

Ilianza kwa masikio. Yalipata moto. Kisha magoti yakaenda fasi ingine bila kuniaga. Na mukono wangu, bamama, ule mukono ulikuwa bado umejaa mahindi, na mbele yangu kulikuwa bado na bantu.

"Mujomba!" nikasema. "Simama muzuri."

Alikuwa amesimama tayari. Akasimama zaidi.

"Abacost: moja. Kile kifungo kinateseka, mukiachie huru."

Dirishani bakaanza kucheka.

"Ilunga: nne. Moja nimekata juu ya masikio."

"Aksanti, Kambo," ule mutoto akasema. (Muone adabu.)

"Sasa Kapinga."

"Kambo, hapana!"

Juma lote nilikuwa nimezunguka kambi nzima, nyumba kwa nyumba, nikikataza bantu basiseme neno moja juu ya Kapinga na bukari, ule ugali wake. Nilimutisha hata pasteri. Sasa nikamushika mutoto mukono, machozi yakashuka, na nikasema kwa sauti ya kanisani:

"Kufua, tano. Roho yake, tano. Bukari, moja! Iko na mabonge, unaweza kujenga nayo nyumba. Na akilala anakoroma, treni inapiga honi kumujibu. Na ile kuku munasikia harufu yake, musidanganyike, si yeye aliipika. Ni mi!"

Kisha nikalala. Si kitandani. Kwenye bega la mama ya Ilunga.

Nilipoamuka, jua lilikuwa bado kwenye ukuta. Mujomba alikuwa mulangoni, kofia mukononi. Kuku ilikuwa mezani, nzima, imepoa. Kapinga analia kule nyuma. Na mama ya Ilunga hakusogea hata kidogo, asiniamushe. Bega lake lilikuwa limelowa. (Mate yangu, bamama. Ninasema yote.)

Nikatelemuka mupaka magoti yakagusa sementi ya chini. Mi! Mimi mwenye kuuliza bantu maulizo!

"Mama, nimekosa. Ni pombe ilisema. Mutoto hana kosa. Kama kuna mutu wa kukataa hapa, munikatae mi, mumuache yeye."

Akafuta bega lake kwanza. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake.

"Yote ni pombe? Hata bukari?"

Mulango wa uongo ulikuwa wazi kabisa, bamama. Kichwa kikakataa kupita.

"Hapana. Bukari ni kweli."

"Na kukoroma?"

"Ni kweli."

Akageukia kaka yake mulangoni.

"Rudi ukae. Bakubwa zake Ilunga babili, niliwaozesha. Nyumba zote mbili bakaniambia: mutoto wetu ni malaika. Mupaka leo ninatafuta ile malaika, sijamuona. Hapa tumeonyeshwa mutu." Kisha akaita: "Kapinga! Kuya, binti yangu. Bukari nitakufundisha, siku mbili unajua. Na Ilunga atazoea kule kukoroma. Baba yake alinizoea mi."

Kapinga akatoka na pua nyekundu, akapiga magoti mbele yake. Ilunga akaketi chini fasi alikuwa, bila kiti.

Paka mujomba alibaki na donge lake. Alikula mapaja yote mawili ya kuku, akafuta mudomo, akasema: "Tumekubali. Lakini siku ya ndoa, Kambo atakaa kwa meza ya batoto, na limonadi."

Nikakubali. Wangeniambia chini ya meza, ningekubali.

Sasa naandika, jua linazama, na Kapinga anaimba jikoni. Anaimba vibaya. Mumuache aimbe.

Bamama, musome hii barua mara moja, mulango umefungwa, kisha muiweke ndani ya moto. Na musicheke. Mwenye kushindwa aende nyuma ya choo, acheke huko mupaka iishe, kisha arudi kukaa na uso wa matanga.